Diski, Sarufi na Sisi: Nani Aliamua Kizungu Chako Ni Kibovu?

Wasee, kabla tuendelee, fanyeni hii kazi ndogo. Someni hizi sentensi tano mniambie ni gani iko na makosa:

"Borrow me your charger."
"The list of players are on the wall."
"Me I think we should go."
"Between you and I, that guy is broke."
"I have seen her yesterday."

Jibu ni zote. Kwa mtihani wa shule, kila moja hapo inakukosesha alama. Najua wengi wenu mmeziona haraka, maana sisi tumefunzwa kuwinda makosa tangu tukiwa watoto. Lakini nikikuuliza kwa nini ni kosa, na nani alisema ni kosa, na hiyo kosa imetoka wapi, hapo sasa story inakuwa ndefu. Tulipewa macho ya kuona kosa, hatukupewa historia yake.

Mimi si profesa wa lugha. Niliachana na chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, na tangu siku hiyo natengeneza video hapa Migori mjini. Naweka video ya dakika tatu kuhusu bei ya miwa kule Awendo, nusu ya komenti ni watu wanarekebisha "was" na "were". Hakuna mtu anauliza mkulima alilipwa ngapi. Hiyo ndiyo ilinifanya nianze kusoma mahali hii tabia ilianzia. Kumbe iko na umri.

Hili zoezi liko na mama

Lile zoezi la "find the mistake in each sentence" halikushuka kutoka mbinguni. Moja ya vitabu vya kwanza kulitumia kiliandikwa na mwalimu wa kike anaitwa Ann Fisher, wa mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Kitabu chake cha sarufi kinahesabiwa kuwa cha mwaka wa 1745. Fisher alifanya kitu kipya: alichukua sentensi, akaziharibu makusudi, akawapa wanafunzi wazirekebishe. Yaani yule mtu alikuwekea "kizungu kibovu" kwa karatasi ili uwinde kosa, babu yake wa kazi ni mama wa karne ya 18.

Baadaye akaja Robert Lowth, mtu wa kanisa ambaye mwishowe alikuwa askofu wa London. Mwaka wa 1762 alitoa kitabu kidogo cha sarufi kilichovuma sana. Na unajua makosa ya mfano aliyatoa wapi? Kwa Shakespeare. Kwa Milton. Kwa Biblia yao wenyewe ya Kiingereza. Hawa watu ambao leo tunaambiwa ndio kilele cha Kizungu, Lowth aliwashika kwa kalamu nyekundu.

Halafu kuna Lindley Murray, wakili Mmarekani aliyehamia York, Uingereza. Alitoa sarufi yake mwaka wa 1795, na mwaka wa 1797 akatoa kitabu kizima cha mazoezi ya kurekebisha sentensi mbovu. Kitabu chake cha sarufi kilichapishwa tena na tena, Uingereza na Marekani, miaka na miaka. Ukitaka kujua template ya vitabu vya kudurusu vinavyouzwa hapa kwetu, huyo ndiye mzee wake.

Sasa swali la maana: kwa nini watu walinunua hivi vitabu kama mandazi ya asubuhi? Waingereza si walikuwa tayari wanaongea Kiingereza? Walikuwa wanaongea, ndiyo, lakini kila sehemu na yake. Karne ya 18 biashara ilikuwa inapanda, familia za wafanyabiashara zilikuwa na pesa mpya, na walitaka watoto wao wasikike kama wakubwa. Sarufi ilikuwa tiketi. Mtu alinunua kitabu ili asichekwe mezani kwa watu.

Chukua "you was". Leo ukisema "you was" unachekwa hadi ubadilishe namba ya simu. Lakini karne ya 18 Waingereza waliosoma kabisa walikuwa wanaandika "you was" wakiongea na mtu mmoja. Lowth akaipiga marufuku kwa kitabu chake, vitabu vingine vikafuata, na polepole ikageuka kuwa alama ya mtu ambaye hajasoma. Ile sheria ya kutomaliza sentensi na neno kama "with" ama "to" nayo inajulikana kutoka kwa mshairi John Dryden, aliyelalamika mwaka wa 1672 kuhusu mwandishi mwingine, Ben Jonson. Lowth mwenyewe alipoigusia, aliandika sentensi ambayo inaishia na neno la aina hiyo hiyo. Wasomi wanabishana mpaka leo kama alikuwa anatania.

Sisemi sheria zote ni uongo. Zingine zinasaidia watu waelewane, na hizo nitazifikia. Ninachosema ni kwamba kuna sheria ambazo zilizaliwa kwa sababu mtu fulani hakupenda vile mtu fulani anaongea. Hiyo ni historia ya watu, si historia ya akili.

Kabla watu wa huku warekebishwe, mzungu alirekebishwa

Sasa turudi nyumbani. Novemba 1906, mmishonari wa Kiadventista kutoka Kanada, Arthur Carscallen, alifika mlima wa Gendia, karibu na Kendu Bay, ambayo leo ni kaunti ya Homa Bay. Alikuja na mwenzake Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Cheki vile mambo yalianza. Carscallen hakuweza kuhubiria mtu yeyote kwa Kizungu. Ilibidi aketi chini ajifunze Dholuo. Alijifunza kutoka kwa wenyeji, akaandika sarufi ya Dholuo iliyotoka mwaka wa 1910, na mwaka wa 1913 misheni ya Gendia ikapata mashine yake ndogo ya kuchapa. Kwa hivyo moja ya sarufi za mwanzo kabisa zilizotoka upande huu wetu wa ziwa haikuwa ya Kizungu. Ilikuwa ya Dholuo, na mwanafunzi alikuwa mzungu.

Nikifikiria hiyo, najiuliza: alifanya makosa mangapi kabla ashike? Mtu yeyote anayejifunza lugha ya ukubwani hukosea. Na wale wazee wa Karachuonyo waliomsikiliza walicheka, lazima, Wajaluo tunajuana. Lakini hakuna mtu alimvalisha kibao shingoni.

Miaka iliyofuata, mambo yakageuka. Kiingereza kikawa lugha ya ofisi ya D.C., lugha ya kesi, lugha ya karani anayepata mshahara. Wakoloni wenyewe hawakuwa na haraka ya kukimwaga kwa kila mtu. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika Mashariki, ikiwa na msomi wa Gold Coast anaitwa James Aggrey, ilipendekeza watoto waanze na lugha ya mama na lugha ya Ulaya ije baadaye. Kwa karatasi hiyo ni busara. Lakini wazazi wengi Waafrika waliona vingine: mbona mlango wenye mshahara ndio mnataka tuufikie wa mwisho? Kizungu kiligawiwa kama sukari ya mgao, kidogo kidogo, kwa wachache. Na kitu cha mgao kila mtu hukitamani.

Diski

Hapa ndipo wale wa umri wa wazazi wetu wataelewa haraka. Diski. Kwingine iliitwa monto. Kipande cha mbao, ama mfupa, ama kifuniko, ama kitu chochote ambacho mwalimu amechagua. Ukiongea lugha ya mama shuleni unapewa. Unakaa nacho ukiwinda mwingine ateleze umpatie. Jioni aliye nacho anaita jina la aliyempa, naye anaita wake, mpaka mstari mzima unatoka. Halafu viboko.

Ngũgĩ wa Thiong'o ameielezea hii vizuri kwa kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka wa 1986. Yeye alikuwa shule Kiambu hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, na baada ya hapo Kiingereza kikawa ndio lugha ya shule yake na Kikuyu kikawa kosa. Anasimulia jinsi watoto walifundishwa kusalitiana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi. Kiboko kinaisha jioni, lakini ile tabia ya kutega sikio ili umshike rafiki yako hubaki.

Nilidhani hii kitu ni ya kwetu peke yetu. Apana. Karne ya 19, kule Wales, watoto waliokuwa wanaongea Kiwelisi shuleni walipewa kibao cha mbao kimeandikwa herufi W.N. Kilipita mtoto hadi mtoto, na aliyekipata mwisho akaadhibiwa. Ni diski ile ile, mtindo ule ule. Na Ufaransa walifanya vivyo hivyo kwa watoto wa Brittany. Walimu wengi wa Wales waliotumia hicho kibao walikuwa Wawelisi wenyewe, na wazazi wengine walikubali kwa sababu walitaka mtoto apate kazi. Inasikika kama mahali unapajua?

Kwetu pia kuna safu ambayo hatupendi kuitaja. Rusinga na Mfangano ni nyumbani kwa Abasuba. Lugha yao, Kisuba, ni ya Kibantu, ndugu ya Kikuria na Kigusii. Leo Wasuba wengi wanaongea Dholuo, na Kisuba kimebaki kwa wachache. Kilimezwa na sisi kabla Kizungu kifike mezani. Kwa hivyo wakati Mjaluo analalamika anachekwa kwa matamshi, akumbuke kuna mtu wa Mfangano ambaye shangazi yake alichekwa na sisi.

Uhuru ulikuja, Kizungu kikapanda cheo

Unaweza kudhani 1963 ingebadilisha hii story. Ilibadilisha, lakini si vile ungedhani. Tayari mwaka wa 1957 kulikuwa na mpango mpya Nairobi, ulioanza na shule za Wahindi, wa kufundisha kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Halafu tume ya Profesa Simeon Ominde, kwa ripoti yake ya 1964, ikapendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na Kiswahili kiwe somo. Serikali yetu wenyewe, profesa wetu mwenyewe. Sababu zilikuwepo: nchi ilihitaji makarani, madaktari na walimu haraka, na makabila mengi hayangekubaliana lugha gani iongoze. Mwaka wa 1976 ripoti ya Gachathi ikarudisha lugha ya eneo kwa madarasa matatu ya kwanza. Mfumo wa 8-4-4 ukaanza 1985, na kutoka mwaka huo mpaka 2023 mtoto wa darasa la nane alikutana na KCPE, ambapo maswali ya sarufi yalikuwa ya kuchagua A, B, C ama D. Kosa likawa alama, alama ikawa shule utakayoitwa, shule ikawa maisha yako.

Sasa tembea mpaka Isebania, mpaka wetu na Tanzania, hapa Migori. Ukivuka uko Sirare. Wakuria wako pande zote mbili, ukoo mmoja, harusi moja, matanga moja. Mtoto wa upande wa Tanzania, kwa shule ya msingi ya serikali, amesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Huo ndio utaratibu wao tangu 1967. Kizungu kama lugha ya kufundishia anakutana nacho sekondari, na huko wengi wanateseka. Binamu yake wa upande wetu amesoma kwa Kizungu kuanzia darasa la nne. Wa kwetu anamcheka wa kule kwa Kizungu, wa kule anamcheka wa kwetu kwa Kiswahili. Kila mmoja anacheka mstari ambao hakuuchora yeye.

Makosa yetu, moja baada ya nyingine

Basi turudi kwa sarufi yenyewe, maana sitaki uende bila kitu mkononi. Nataka uone kwamba makosa yetu mengi yana adabu. Yanafuata sheria, ila ni sheria za lugha nyingine.

"Borrow me your charger." Kiswahili kina neno moja, kuazima, kwa anayetoa na anayechukua. Nimeazima chaja, niazime chaja. Kizungu kimegawa: anayechukua ni "borrow", anayetoa ni "lend". Kumbuka tu hivi: kitu kinakuja kwangu, "borrow", kinatoka kwangu, "lend".

"My mother, he is at the market." Hii ndiyo watu huchekea zaidi. Dholuo husema "minwa odhi chiro". Hiyo "o" ya "odhi" haijali kama ni mama ama baba. Kiswahili pia, "ameenda", hiyo "a" ni ya kila mtu. Mtoto hajakosa kujua mamake ni mwanamke, jameni. Lugha zake hazijawahi kumuuliza hilo swali. Na hapa kuna utamu: yule Ann Fisher wa 1745 aliandika kwamba neno la kiume litumike kwa wote, wa kiume na wa kike. Kizungu kimebishana kuhusu hiyo kitu kwa zaidi ya miaka 250, "he" ama "he or she" ama "they". Dholuo na Kiswahili hazijawahi kuwa na hiyo shida hata siku moja.

"The list of players are on the wall." Hapa Kiswahili chako ni mwalimu bora kuliko kitabu. Ungesema "orodha ya wachezaji wako ukutani"? Wapi. Ungesema "orodha iko". Unajua tayari kwamba kitenzi kinafuata orodha, hakifuati wachezaji. Fanya hivyo hivyo kwa Kizungu: "the list is". Mtu anayeweza kubeba upatanisho wa ki-vi na m-mi kichwani hawezi kushindwa na "is" na "are".

"I have seen her yesterday." Kwa Kiswahili "nimemwona jana" hupita mtaani bila mtu kushtuka. Kizungu hakitaki "have" ikae na siku iliyokwisha. Ukitaja jana, ama 2019, ama Jumatatu iliyopita, tumia "saw".

"Between you and I." Hii ni kosa la watu wanaojiona wamesoma. Mtoto alisema "me and John went", akagongwa, akaambiwa ni "John and I". Kwa kuogopa akaanza kuweka "I" kila mahali. Dawa: ondoa mtu mwingine. Hungesema "he gave it to I". Kwa hivyo ni "to John and me", na ni "between you and me". Hili kosa limezaliwa na kiboko chenyewe.

"Furnitures", "equipments", "informations". Kiswahili kina vifaa, vingi, vya kuhesabu kimoja kimoja. Kizungu kimeamua hivi vitu ni kama unga ama maji, havihesabiki. Usitafute mantiki, shika tu.

"Me I think." Hii ni "mimi naona", neno kwa neno. Kwa karatasi ya mtihani iondoe. Lakini ujue ukienda Paris, Wafaransa hufungua sentensi hivyo hivyo, "moi, je pense", na hakuna mtu anawacheka. Wanaambiwa wana mvuto.

Na ile ya mwisho ndiyo hatari. Kwa Kiswahili ukiulizwa "hujala?" na kweli hujala, unajibu "ndiyo", yaani ni kweli, sijala. Kizungu ni kinyume: "Haven't you eaten?" ukijibu "yes", umesema umekula. Sasa weka hiyo kwa mahojiano ya kazi. "Don't you have experience?" Kijana anataka kusema "ni kweli, bado", anajibu "yes". Ama kinyume, ako na uzoefu wa miaka miwili, anajibu "no", akimaanisha "hapana, umekosea, ninao". Kazi imeenda. Hospitalini, daktari akiuliza "You haven't taken any medicine?", hiyo "yes" inaweza kuumiza mtu. Hii ndiyo sarufi ningefundisha watu kwanza, kabla ya "between you and I", maana hii inabeba maisha ya mtu.

Na tafadhali tutenganishe sarufi na matamshi. Dholuo haina sauti ya "sh". Ndio maana mtu wa Sori anakuuzia "fis". Hiyo ni kushrabu, na haina uhusiano na sarufi. Sentensi yake inaweza kuwa sawa kabisa. Alafu Dholuo iko na "th" na "dh" za ulimi kwa meno, ambazo zinakaribia sana zile za Kizungu. Kwa hivyo huyo anayemcheka mvuvi kwa "fis" huku yeye anasema "tank you" na "dis one", wako sare.

Kwa nini inaniuma

Nilipokuwa chuo tulikuwa na kijana mmoja kutoka pande za Mbita. Kwa hesabu alikuwa moto. Usiku alitufundisha sote hosteli, kwa Dholuo na Kiswahili, na tukaelewa vitu ambavyo lekcha alishindwa kutueleza. Lakini darasani hakuwahi kufungua mdomo. Siku ya kuwasilisha kazi ya kikundi, alijaribu, akateleza kwa "he" na "she" mara mbili, darasa likavunjika mbavu. Baada ya hapo aliandika kazi yote na kutuachia sisi kusoma. Alama za kuongea zikatuendea sisi. Yeye alipata chini yetu kwa kazi aliyoifanya yeye.

Hiyo ndiyo hasara ninayoiona. Kosa la sarufi halikuua mtu siku hiyo. Kicheko ndicho kilimnyamazisha. Na hatukutumwa na mkoloni. Hakukuwa na mzungu hapo ndani, hakukuwa na mwalimu na kibao. Kila mmoja wetu alikuwa amebeba diski yake kichwani na alikuwa anatafuta wa kumpa.

Najua wengine watasema, "Buda, basi tuongee ovyo tu?" Zii. Tom Mboya, ambaye nyumbani kwao ni Rusinga na amezikwa huko, hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Alisomea ukaguzi wa afya, kisha akakaa kama mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, 1955 hadi 1956. Alikishika Kizungu akakitumia kuomba, kubishana na kuchangisha Marekani, na mwaka wa 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Hakukishika ili awacheke watu wa Rusinga. Alikishika kama nyavu, ya kuvulia.

Kwa hivyo mimi nasema tujifunze sarufi ya Kizungu, tena vizuri, kwa sababu kazi, visa na fomu za mkopo bado ziko kwa Kizungu. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi, lakini wewe jaribu kuandika barua ya kazi kwa Kiswahili uone kama utaitwa. Hiyo ndiyo hali kwa sasa na sitakudanganya. Lakini tujifunze tukijua inatoka wapi. Mwalimu wa darasa la nne kule Kuria ama Ndhiwa akimwambia mtoto, "lugha yako inafanya hivi, Kizungu kinafanya hivi, tofauti ni hapa", huyo mtoto ataelewa kwa wiki moja kile ambacho kiboko hakikuweza kwa miaka minane. Atarekebisha sentensi bila kuchukia mdomo wake.

Na wewe uliye na vidole vyepesi kwa komenti, nakuomba kitu kimoja. Ukiona kosa, kwanza jibu hoja ya mtu. Halafu, kama lazima urekebishe, mwambie pia hilo kosa limetokea lugha gani. Ukishindwa kueleza, basi na wewe hujajua sarufi, unajua tu kucheka.

Leo sitaki mniambie nani ana Kizungu kizuri. Niandikieni sentensi moja mliyowahi kuchekwa nayo, na lugha mliyokuwa mnafikiria kwa kichwa mkiisema. Wiki ijayo nitazichambua moja moja, na za Kisuba na Kikuria ndizo nitaanza nazo.